Nilivyombeba Baba Felo Kichwani hadi Kawangware

Wenzangu wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza kivyake, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa vipande vimeanza kugombana. Mama Tele anasema nilishikwa nikiuza ploti ya watu. Yunia ameambiwa nilikuwa nauza mayai. Yote mawili yana ukweli kidogo, na ndiyo maana nimeketi kuandika safari nzima mara moja. Someni, mpitishiane, halafu mniache nishone. Shule zinafunguliwa na sare za watu bado ni vitambaa.

Kutoka hapa Silanga hadi Kawangware, mtu mwenye miguu mizima hutembea saa moja na nusu. Akikutana na watu wa kwao njiani, saa mbili. Mimi niliondoka Ijumaa asubuhi nikafika Jumamosi jioni. Kabla hamjacheka, hebu kwanza niwakumbushe sababu.

Senje Rebeka ni dada ya baba yangu, na ndiye aliyenilea. Wengi wenu mlinunua makaa kwake. Miguu ilipoanza kumsumbua, alihamia Kawangware kwa binti yake Fridah, akaniachia shamba lake dogo pale kando ya bwawa. Maneno yake yalikuwa mawili tu: "Ayuma, palilia." Mimi nikaanza kulichora. Mnajua vile rangi za maji zilivyoniingia tangu Mwalimu Josephat aanze kutufundisha Jumamosi pale ukumbini. Nilikuwa naenda shambani na brashi badala ya jembe, nachora mboga za sukuma, nachora bwawa, na magugu nayo yanapanda tu. Nilichora hata magugu. Siku moja nikaenda nikamkuta Baba Felo, jirani yetu wa safu ya chini, amelima lote na kupanda. Akaniambia kwa upole, "Hii sasa ni mimi nalima." Sikumuuliza neno. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, na kwa miezi minane sikukanyaga Kawangware, kwa maana ningemwambia nini Senje? Mara tatu nilianza safari, mara tatu nikageuka. Naye akaacha kushika simu zangu.

Kisha Fridah akanipigia: "Mama anarudi Butere Jumapili. Kabisa, harudi tena Nairobi. Ukitaka kumuona, jua lako ndilo hilo." Nikaamua kumpelekea picha ya shamba lake, iliyochorwa vizuri, angalau aondoke nalo hivyo. Nilijua kuwa kumpelekea mtu picha ya kitu ulichompotezea ni kama kuunguza sufuria ya mtu kisha umpelekee ukoko. Lakini sikuwa na kingine.

SILANGA: SHAMBA NA WENYEWE WAKE

Ijumaa saa moja nilikuwa nimeketi juu ya debe, ubao magotini, mkebe wa maji pembeni. Bwawa lilikuwa limejaa gugu maji hadi ng'ambo, kijani cha kudanganya, mgeni angeweza kudhani ni uwanja wa mpira akashuka kucheza. Nilianza na mabati. Watu hufikiri mabati ni rangi moja. Yale mapya ni meupe, na kwa rangi za maji nyeupe haipakwi, ni karatasi yenyewe unayoiacha bila kuigusa. Ya miaka miwili mitatu ni kijivu cha sweta za shule ya msingi. Yale ya zamani, ya wakati Senje anafika hapa, ni chai ya rangi iliyochemshwa mara mbili. Mwalimu Josephat hutuambia, "Usinichoree nyumba. Nichoree mahali." Maana yake ni kwamba aliyekaa hapo akiiona picha aseme: hapa ndipo nilipoteleza na mtungi.

Nilikuwa nimemaliza mbingu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wamekuja kupima tena!"

Jamani, kwetu mtu akiketi akitazama nyumba na kuandika, huyo hana nia njema. Kwanza huja mwenye karatasi, halafu huja mwenye rangi nyekundu ya kutia alama za kubomoa, halafu huja tingatinga. Dakika tano hazikuisha, mama mmoja alikuwa ameshaanua nguo zote kwenye kamba na kufunga godoro, na mwanamume mmoja alikuwa juu ya paa aking'oa misumari ili aokoe mabati yake mapema. Nikazungukwa.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nachora."

"Unachora ndio uwapelekee nani?"

"Senje yangu!"

"Senje yako ni wa wizara gani?"

Nikainua ubao wakaona wote. Kijana mmoja akainamisha kichwa, akasema, "Sasa serveya na mbingu wapi na wapi? Huyu ni msanii, wasee. Tulieni." Yule wa juu ya paa akaanza kurudisha misumari huku akinitukana kwa Kiluhya akidhani sielewi.

Hapo ndipo Baba Felo alipofika, jembe begani, miguuni gambuti mpya za mpira zinang'aa.

"Mama Brian, sasa?" akanisalimia kwa jina la mwanangu.

"Poa."

Akaingia shambani, akasimama katikati kabisa, akajishika kiuno.

"Baba Felo, songa kidogo. Unaniziba kabichi."

"Nisonge niende wapi? Shamba inaweza kukaa kwa picha bila mwenye anailima? Chora tu. Na hizi gambuti usiruke, ni mpya."

Nilimngoja aondoke. Hakuondoka. Nilijifanya naosha brashi, nikaiosha mpaka ikakaribia kunyonyoka, yeye bado tu. Alisimama muda wote huo, na kila aliyepita alimsalimia na yeye akajibu bila kugeuza shingo, asiharibu picha. Kwa hasira nikamchora. Na kwa bahati mbaya alitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora maishani. Mabega ni yake, tumbo ni lake, hata lile jembe ungelisikia likigonga jiwe.

Alipokuja kuangalia alicheka kwa furaha, akaingia kwenye matuta, akakata sukuma mkono mzima, akazifunga kwa kamba.

"Unaenda kwa mama, sindio? Mpelekee hii. Mwambie ni ya shamba."

Niliona mbele yangu giza. Mtu anakula shamba la mzee wa watu, kisha anamtumia majani! Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi nilikuwa nimetoka tu kuponea. Nikapokea, nikasema asante, nikaondoka.

KAMBI MURU: MGOMBA UNAOTA

Karatasi ya rangi za maji ikiwa bado mbichi haikunjwi wala haitiwi mfukoni. Nilibeba ubao mikononi mbele yangu, na hapo ndipo niliposhindwa kuacha kumtazama Baba Felo. Kila hatua alikuwa ananiangalia. Nikajiuliza nitabisha vipi mlango wa Senje na mtu huyu mikononi.

Kambi Muru nikaketi kwa Mama Bilha, yule wa chapati karibu na bomba la maji. Nikaagiza chai na chapati mbili, nikatoa brashi nirekebishe kivuli cha kabichi. Mnaojua rangi za maji mnajua kilichofuata. Nilichovya brashi kwenye chai. Kisha, katika kuokoa chai, nikainua kikombe nikapiga funda kubwa, na kikombe chenyewe kilikuwa mkebe wangu wa kuoshea brashi. Niliwahi kula vibaya katika dunia hii, lakini gugu maji la bwawa pamoja na mabati ya miaka kumi, yote kwa funda moja, hapana. Mama Bilha alicheka hadi chapati ikaungua.

"Hebu nione hiyo kitu inakufanya unywe rangi," akasema. Akatazama. "Na huyu ni nani? Bwanako?"

"Mungu aniepushe!"

Nikamsimulia yote. Alisikiliza akikanda unga.

"Basi mtoe."

"Haitoki. Rangi ya maji ikishashika karatasi imeshika. Ukiisugua karatasi inatoboka."

"Si wewe ni fundi wa nguo? Kitambaa kikitoboka unakitupa?"

"Naweka kiraka."

"Haya. Weka kiraka."

Hivyo ndivyo mgomba ulivyoota katika shamba la Senje Rebeka. Rangi nzito hufunika rangi nyepesi, na Baba Felo alikuwa amevaa shati la rangi hafifu. Mikono yake ikawa majani. Kichwa kikawa mkungu wa ndizi, na nakiri nilifurahia sana hapo kwenye kichwa. Jembe likawa nguzo ya kuegemeza mgomba usianguke. Gambuti tu ndizo zilikataa. Nyeusi haina kinachoifunika. Nikazizungushia udongo na nyasi, Mama Bilha akasema kwa mbali zinaonekana mizizi.

Zile sukuma nikamwachia yeye. Sikutaka majani ya mtu huyo yavuke mlango wa Senje. Naye hakungoja, alizikata papo hapo, akazikaanga na nyanya, akanipa sahani. Zilikuwa laini na tamu, na kila nilivyotafuna ndivyo hasira ilivyozidi.

Nilikuwa nalamba kidole mvua ilipoanguka. Mvua yetu ile haibishi hodi. Nilifunika picha kwa karai la unga, nikafunika karai kwa nailoni, nikajifunika mimi kwa sehemu iliyobaki, ambayo haikuwepo. Mfereji wa chini ukajaa, njia ya kurudi nyumbani ikakatika. Nashukuru ilikatika, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuitazama.

OLYMPIC: KUNGOJA KARATASI IKAUKE

Nilifika kwa Mwalimu Josephat pale Olympic nikiwa nimelowa hadi kwenye mawazo. Mke wake, Mama Neema, alinipa kanga na kuniweka karibu na jiko. Mwalimu hakuuliza kuhusu mimi. Aliuliza, "Karatasi iko salama?"

Ilikuwa salama, ila matone machache yalikuwa yameingia pembeni na mbingu ikateremka kidogo kwenye bwawa. Mwalimu alisema hiyo ndiyo sehemu nzuri zaidi ya picha na nisiiguse. Akaisimamisha juu ya redio, akarudi nyuma hatua tatu, akavaa miwani, akavua.

"Silanga hii. Naiona. Harufu yake pia naiona. Lakini huu mgomba umesimama vile mtu anasimama akingoja gari."

"Ni aina ya mgomba."

"Una miguu."

"Ni mizizi."

"Ayuma, rangi ya maji haifuniki vizuri. Si rangi ya ukuta. Kila kitu ulichotia chini kinachungulia." Akarudisha miwani. "Ni nani huyu?"

Nikamwambia. Hakunikaripia, alisema tu kwamba yeye angemwacha, kwa sababu ndiye aliyefanya picha ikae wima. Nikamjibu kwamba yeye hamjui Senje wangu. Tukala ugali na omena, tukaongea habari nyingine, nikapewa kochi la kulalia.

Jumamosi asubuhi nilimwambia Mama Neema kwamba siwezi kuondoka mpaka karatasi ikauke. Akasema sawa. Saa nne nikasema bado ina unyevu kwa chini. Akasema sawa. Nikamsaidia kufua, nikamshonea mapazia mawili kwa mkono, nikaanza kupunguza sketi ambayo hakuwa ameniomba nipunguze. Saa sita akaja akachukua ile picha, akaipitisha shavuni mwake mbele, akaipitisha nyuma.

"Imekauka tangu jana," akasema. "Wewe ndio bado. Vaa viatu."

Niliona haya, jamani. Nikavaa.

KUPITIA CORNER: MAMA WA MAYAI

Sasa hapa Yunia asikilize vizuri. Upepo wa Jumamosi hiyo ulikuwa wa kupeperusha, na ubao ukiubeba kwa mikono unageuka tanga. Nikauweka kichwani, picha ikitazama juu, kitambaa cheupe kimefunika, nikatembea hivyo kutoka Olympic hadi Ngong Road. Kutoka mbali, mwanamke mwenye ubao bapa kichwani uliofunikwa kitambaa cheupe ni nani? Ni mama wa mayai ya kuchemsha.

"Mama mayai! Leta mbili, weka kachumbari mob, nyingi!"

"Sina mayai."

"Zimeisha? Basi smoki, hizo soseji."

"Sina smoki. Nina picha."

"Picha ya mayai?"

Mmoja, dereva wa bodaboda, alinifuata hadi akafunua kitambaa mwenyewe. Alitazama shamba, akatazama bwawa, akasema kwa huzuni ya kweli, "Na vile nimesikia njaa." Akaondoka.

Karibu na Dagoretti Corner nilishusha ubao nipumzishe shingo, kitambaa kikateleza. Mama mmoja muuza viatu vya mitumba, sijawahi kumuona kabla ya siku hiyo, alipita akirudi kwenye kibanda chake, akasimama ghafla.

"Hii si Silanga?"

"Ni Silanga."

Akachuchumaa. Alikuwa na kiatu kimoja mkononi na alisahau kukiweka chini. "Nilikaa hapa. Hii paa ilikuwa yetu, hii yenye imelala upande. Hapa nilikuwa naanika mboga. Hapa," kidole chake kikapita juu ya karatasi bila kuigusa, "hapa mtoto wangu wa kwanza alianza kutembea, akaingia moja kwa moja kwa matope." Akacheka peke yake. Kisha akakunja uso. "Lakini mgomba haukuwa hapo."

"Umepandwa juzi."

"Aa-aa. Hapo hapawezi kukubali mgomba. Maji ni mengi."

Akarudi kwenye viatu vyake. Mimi nilibaki hapo nimejaa furaha hadi kooni, maana mtu nisiyemjua alikuwa ameingia katika picha yangu akatembea ndani yake. Furaha hiyo ilinifikisha Naivasha Road. Kisha nikamkumbuka huyo mgomba, nikaanza tena kutembea polepole.

KAWANGWARE: MGENI

Ploti anakokaa Fridah ina geti la bluu na ukuta mrefu ulioandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: PLOT HII HAIUZWI. Nyumba nyingi upande ule zimeandikwa hivyo, kwa sababu kuna wajanja wanaoweza kukuuzia uwanja wa mtu yeye mwenyewe akiwa ndani anakunywa uji. Nilifika getini saa kumi. Mkono ukakataa kubisha. Nikajiambia wacha nichore geti kwanza, nitulize moyo. Mnanijua.

Niliketi ng'ambo ya barabara, nikatoa karatasi nyingine. Ukuta ulishika vizuri, geti likashika vizuri. Yale maandishi mekundu niliyaruka. Yalikuwa yanapiga kelele, yanaharibu ukuta. Basi hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

"Haiya! Na wewe unafanya nini na ploti yangu?"

Ni Mama Ciku, mwenye ploti, na skafu yake kichwani na funguo kiunoni. Akanyakua karatasi. Akaitazama, akautazama ukuta, akaitazama tena.

"Wapi 'haiuzwi'?"

"Mama, niliacha tu kwa sababu ya..."

"Umetoa 'haiuzwi'! Ndio umuonyeshe mtu picha, umwambie hii iko kwa soko! Ngai! Hata geti amechora, na kufuli! Broka wewe! Siku hizi wanatuma wamama!"

Watu wakajaa. Siku mbili, mara mbili: Silanga nilikuwa nimekuja kubomoa, Kawangware nimekuja kuuza. Mama Ciku akaniamuru niandike yale maneno kwenye picha hapo hapo, na nikaandika PLOT HII HAIUZWI, akasema niongeze alama ya mshangao, nikaongeza. Kisha akanishika mkono, akanivuta ndani ya geti akipaza sauti: "Ni nani hapa anamjua huyu?"

Mlango wa tatu ukafunguka. Senje Rebeka akatoka akiegemea fimbo, kitambaa chake cha buluu kichwani. Alikuwa amekonda. Alinitazama kutoka viatu hadi nywele, na mimi nikangoja.

"Huyo ni mgeni," akasema. "Ni mgeni wangu. Mwache."

Wenzangu, afadhali angesema hanijui.

Niliketishwa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufumwa. Nililetewa maji ya kunawa mikono, na ni Senje mwenyewe aliyeyamimina, na miguu ile. Nililetewa chai katika kile kikombe cha maua kinachotoka akija padri, na mkate umepakwa siagi pande zote mbili. Nilipoinuka kuchukua birika, akasema, "Kaa. Mgeni hafanyi kazi." Fridah alikuwa pembeni akifunga mizigo, na hakuinua macho. Katika nyumba ya Senje mimi sijawahi kuketi kitako. Nilikuwa wa kuteka maji, wa kupepeta, wa kuitwa kutoka usingizini nikaangalie kama jiko limezimwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa naomba jembe siku ya kwanza.

"Umesafiri salama?" akauliza.

"Salama, Senje."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Vivyo hivyo anavyowauliza watu wa bima. Nikaona nitakufa na adabu yake. Nikafunua picha, nikaiweka mapajani mwake.

Aliishika kwa mikono miwili. Alianza na paa, moja baada ya nyingine, midomo ikitaja majina ya wenyewe kimya kimya. Akafika kwenye njia ya maji. Akafika kwenye jiwe lake alilokuwa anaketia akifunga mboga, na kidole kikakaa hapo. Nilianza kupumua. Kisha kidole kikasogea katikati.

"Hii ni nini?"

"Mgomba, Senje."

"Mgomba umevaa gambuti?"

Nikaanza kukunja kile kitambaa cheupe.

"Na Baba Felo yuko wapi?"

"Baba Felo... Senje, mimi sikujua nikwambie vipi. Shamba lako lilichukuliwa. Niliacha magugu, akaja akalima, na mimi nikaona aibu..."

"Lilichukuliwa na nani? Mimi ndiye nilimpa!" Fimbo ikagonga sakafu. "Alinipigia simu akaniambia, mama, shamba linakufa na huyu mtoto wako ameketi analichora. Nikamwambia lima. Na kila Jumamosi ananiletea mboga, anakuja na miguu yake, anakaa hapo ulipokaa, tunaongea habari za Silanga. Miezi minane! Uliniuliza? Si ungekuja uniulize?"

"Simu zangu ulikuwa hushiki..."

"Simu! Nilikuwa nangoja uje! Ulikuwa unaangalia sukuma kutwa nzima, mimi hukuja kuniangalia hata siku moja! Mtu mmoja tu ndiye alikuwa anakuja, na huyo ndiye umemfanya mgomba!"

Nilitaka kusema nisamehe, ikatoka kilio. Nililia na mkate wa siagi mkononi, mtu mzima na watoto watatu. Nilimwambia niliogopa. Nilimwambia kila nilipoanza safari niliuona uso wake nikarudi.

Senje akageukia jikoni, ambako ugali ulikuwa umefunikwa tayari.

"Jana Baba Felo alinipigia akasema, wiki hii siji, mboga anakuja nazo Ayuma. Jana, Ijumaa. Nilisonga ugali jana nikakungoja. Nikasonga tena leo. Ziko wapi?"

"Nini?"

"Mboga!"

Nikaangalia sakafu. "Nilizigawa Kambi Muru."

"Ulizigawa?"

"Na... na nilikula kidogo."

Fridah aliziba mdomo kwa leso aliyokuwa anakunja. Senje alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena, na sauti niliyoijua tangu utotoni ikatoka, ile inayosikika ploti nne.

"Amekula mboga zangu! Amekula, halafu anakuja anaketi kwenye kochi anakunywa chai! Na bado umeketi! Unangoja nani akainunue hiyo sukuma, mimi na hii miguu? Inuka! Angalia za majani madogo, usiniletee zile za kulisha ng'ombe. Na hicho kikombe kioshe kabla hujatoka!"

Nilikiosha. Nilikimbia sokoni na viatu vya kuazima. Nilirudi nikakata sukuma na nikaambiwa nakata vipande vikubwa kama vya matanga, na chumvi nikaambiwa nimepitisha, na ile picha nikaagizwa niandike chini yake kwa kalamu, herufi za kusomeka: "Huyu mgomba ni Baba Felo." Nilitukanwa tangu saa moja hadi tulipolala. Sikumbuki mara ya mwisho nilikula nikashiba hivyo.

Jumapili asubuhi Mama Ciku alikuja kumuaga Senje. Aliketi, akala mkate, akatazama mizigo iliyokuwa mlangoni: gunia la nguo, jiko, meza ndogo, na picha imefungwa katikati ya leso mbili. Akanitazama na mimi, bado ana shaka.

"Na huyu mgeni wako anaondoka na wewe ama anabaki hapa kwa ploti yangu?"

"Mgeni gani?" Senje akasema. "Hapa hakuna mgeni. Huyu ni mtoto wangu." Akanigeukia. "Wewe Ayuma, mbona umesimama tu? Gunia litatembea lenyewe?"

Nikalibeba. Lilikuwa zito kweli, na Fridah alipotaka kunisaidia nilikataa.